Mbuzi wa Miguu Sita

Shoga, nimejifungia chooni. Sitoki!

Si niliombwa niseme machache kumkumbuka bibi? Nikashika ule mchoro wa mbuzi uliokuwa umetundikwa juu ya kitanda chake, nikajitia mjuzi: "Bibi alistaafu kufundisha sanaa, mkono haukustaafu! Tazameni miguu sita. Hapo amechora mwendo."

MWENDO, shoga!

Shangazi akaugeuza. Nyuma kuna jina langu, darasa la pili, na wino mwekundu wa bibi: "Mjukuu wangu, mbuzi ana miguu minne. Rudia. 4/10."

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mchoraji ni mimi. Mimi!

Halafu unajua kinachoniliza? Michoro yake yeye tumeikuta imerundikwa chini ya kitanda.