Gari Lisilo na Viti

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie popote zitakapokukuta, uwe kazini au umejinyoosha kitandani na simu yako usoni. Natumaini u mzima, kile kikohozi kimekuachia, na huyo shemeji yangu mtarajiwa naye hajambo, bado ana akili zake timamu licha ya kukuchumbia wewe. Sisi huku tunashukuru. Mama magoti yanamsumbua lakini mdomo haujapungua kasi. Shemeji yako anakula vizuri na anakusalimu. Mimi nipo.

Najua umekasirika. Umepiga simu weee, na kila ukiuliza gauni limefika wapi nakwambia subiri kuna mteja mlangoni. Hakukuwa na mteja yeyote. Satini yako wakati wote huo ilikuwa mezani, haijaguswa na mkasi, na harusi ndiyo hiyo inakuja mbio. Nilikuahidi tangu ukiwa unafunga nywele kwa kamba ya kiatu kwamba siku yako utavaa kazi ya mkono wangu, na sijasahau. Basi kaa chini nikueleze nilikuwa nafanya nini, maana ukisikia kwa Mama atatia chumvi. Nilikuwa nashona viti vya gari. Gari lenyewe linaenea mapajani.

Usicheke. Unajua shemeji yako alivyoacha teksi. Macho yalipoanza kumsumbua akaliuza gari mwenyewe bila kulazimishwa na mtu, akarudi nyumbani, akakaa kwenye kochi kama mzigo uliosahauliwa stendi. Wenzake wa kijiweni wakamwonea huruma wakamtafutia zawadi: gari la mfano, aina ileile, rangi ileile, urefu wa kiatu chake, milango inafunguka, boneti inafunguka, hata buti. Alifurahi kama mtoto. Kisha akafungua mlango wa dereva, akachungulia, na furaha ikamkatika. Ndani mlikuwa na kipande cha plastiki nyeusi kilichobonyezwa kikafanana na viti, basi. Akasema hili gari halina matumbo. Akaliweka juu ya kabati, kesho yake akalishusha, akalirudisha tena. Mwisho akanifuata dukani, akalitua juu ya satini yako, akaniomba nilitie viti kama vya gari lake.

Nilimwambia mimi ni fundi wa nguo za watu, si wa nguo za sisimizi. Nilimwambia nina gauni la mdogo wangu. Akasema gauni litangoja kidogo, kazi yenyewe ni ya mchana mmoja tu kwa mtu kama mimi, na fundi mwingine wa kuiweza hamjui. Unanijua nikisifiwa. Nikaing'oa ile plastiki kwa bisibisi ya cherehani, nikaanza.

Viti vyake unavikumbuka, mahameli ya rangi ya damu ya mzee. Nilivivisha mimi mwenyewe enzi zile, na mabaki ya kitambaa bado yalikuwa kwenye mfuko chini ya meza. Kiti kizima cha hili gari kinaingia kwenye kiberiti. Cha kwanza nikakikata kwa mazoea, nikaacha nafasi ya mshono ileile ninayoacha kwenye sketi. Loo! Nilipokigeuza, kitambaa chote kimekunjamana ndani, kiti kimevimba kama mto wa kuchomekea sindano. Shemeji yako akakizungusha kiganjani akauliza abiria atakaa wapi. Cha pili nikapunguza nafasi, kikatoka kizuri, nikajipongeza. Cha tatu nikakipachika pembeni yake, na vilipokaa pamoja ukadhani vimetoka kwenye magari mawili: kimoja kinang'aa, kingine cheusi. Mahameli ina manyoya, na manyoya yanalala upande mmoja. Ukikata kipande kimoja yakitazama chini na kingine yakitazama juu, rangi inakusaliti. Kila fundi analijua hilo. Na mimi, mimi ninayewasema wenzangu kwa kosa hilohilo mpaka nakauka koo, ndiye niliyelifanya. Nikasingizia taa.

Baada ya hapo sikukaa nikatulia. Nilihamisha meza dirishani, nikairudisha ukutani, nikaihamisha tena. Nikabadilisha miwani. Uzi wa kawaida ukawa mnene mno, kwenye kiti kidogo vile unaonekana kama kamba ya kufungia ng'ombe, ikabidi niupasue nibaki na unyuzi mmoja mwembamba, na huo unyuzi ukawa hauingii kwenye tundu la sindano. Nikalaumu sindano. Nikalaumu redio ya jirani. Nikamlaumu shemeji yako kwamba anatembea kwa kishindo, akavua viatu, nikalaumu anavyopumua. Nikiinuka kupumzika nafika mlangoni nageuka, nikikaa natamani kuinuka. Na satini yako pale pembeni imekunjwa, nyeupe, inanitazama. Nikaifunika na shuka nisiione.

Na yeye sasa, badala ya kusema imetosha, kila siku anakumbuka kitu kipya. Viti vya mbele vikakaa, akakumbuka mkeka wa shanga aliokuwa anaukalia. Nikaanza kutunga shanga ndogo kuliko punje ya mchanga. Akakumbuka usukani ulivishwa ngozi, nikakunja waya nikauzungushia uzi mweusi, ukaja pembe, nikaufumua, nikaurudia mpaka vidole vikafa ganzi. Akakumbuka mikanda, nikachana utepe wa sketi, vifungo nikatumia kulabu za gauni. Gia ikawa pini yenye kichwa cheusi. Kisha akakumbuka koleo. Unalikumbuka lile koleo? Dirisha la abiria halikuwa na mkono wa kuzungushia, kwa hiyo abiria akitaka hewa anakabidhiwa koleo, na akishuka nalo anakimbizwa barabara nzima. Akataka koleo liwepo, limelala kwenye mfuko wa mlango. Nikalikata kwenye kopo la rangi.

Mama naye akaja kutia mguu. Akatuambia hatujui kitu, tumesahau dari. Dari ya nyuma ilikuwa imelegea inamgusa kilemba kila akipanda, na safari moja aliishikiza kwa pini zake mwenyewe huku shemeji yako anaendesha. Wakabishana, huyu anasema pini zilikuwa kulia, huyu kushoto, mpaka chai ikapoa. Nikabandika dari ya kitambaa cha fulana, nikailegeza kwa nyuma, upande alioutaka Mama, maana nani ana nguvu za kushindana naye.

Siku hiyohiyo aliingia jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, yule fundi tunayemwita Lesi kwa sababu hakuna nguo inayotoka kwake bila lesi, hata aproni ya bucha ataiwekea. Nimemsema sana huyo mwanamke, wewe ni shahidi, tumecheka mpaka mbavu zikauma. Alikuja kuazima mafuta ya cherehani. Akasimama akaniangalia ninavyohangaika na ule unyuzi. Akanitoa sindano mkononi taratibu, akatunga mara moja tu, akaiweka mezani, akachukua mafuta akaenda zake. Nilichukia jamani! Nilichukia kuliko angenitukana.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, ungelia, na mimi ningelia.

Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Si uchovu, na taa haina kosa. Ulianza kabla ya hili gari kuingia ndani, kikombe kikawa kinagongagonga kisahani nikasema ni njaa. Ile siku satini yako ilipofika niliitandaza, nikachora, nikashika mkasi mkubwa, na ncha ya mkasi ikawa inacheza yenyewe juu ya kitambaa. Nikaushusha. Nikajiambia nitakata kesho. Satini ukiikosea haina marejeo, na ile umehangaika kuipata. Sikumwambia mtu. Hata mwandiko huu nimeukokota tangu asubuhi, naandika, napumzika, naandika.

Juzi nilikuwa naumalizia mkeka wa shanga. Mkono ukaruka, shanga zote zikamwagika sakafuni. Basi nikapandwa na wazimu. Nikakitupa kiti ukutani, nikamgeukia shemeji yako nikamwambia yeye na kigari chake ndio wamekula muda wa gauni la mdogo wangu, kwamba ni mtu mzima asiye na haya, analilia viti vya mdoli wakati watu wana harusi. Niliyomwambia mengine siyaandiki. Yeye akapiga magoti akaanza kupapasa shanga sakafuni, na macho yake yale mabovu, anaokota moja moja anaweka kwenye kisahani. Akiwa hapohapo chini akaniambia kwamba viti hakuwahi kuvitaka kiasi hicho. Siku ile ya satini alikuwa mlangoni. Aliuona mkasi, akauona mkono. Akakosa namna ya kuniambia, maana mimi siambiliki. Akafikiri, kama yeye ndiye amekosea kuona, viti vitatoka na yataisha. Na kama hakukosea, basi afadhali nikosee kwenye kitambaa cha mabaki kuliko kwenye gauni lako.

Kumbe kila alipokumbuka shanga, alipokumbuka koleo, alikuwa ananiweka mbali na mkasi. Mdogo wangu, sikujua nimpige au nimkumbatie. Nilikaa chini pale pale nikalia, naye akalia, tukawa wazee wawili sakafuni katikati ya shanga. Angeingia mteja angetuombea dua akaondoka.

Akanipeleka kwa daktari. Daktari akanichoresha mstari, akanimiminisha maji kutoka glasi hii kwenda ile, akaniuliza maswali mengi. Amesema ni mishipa ya fahamu, haiui, kuna vidonge vitakavyoutuliza kiasi, lakini kuurudisha mkono kama zamani hawezi kuniahidi. Nikamuuliza kitu kimoja tu, kama naweza kukata satini. Akasema yeye satini haijui, ila angekuwa yeye asingejaribu. Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Jana nimeamka, nikaifungua satini, nikaikunja upya na vipimo vyako na picha ya mtindo unaoutaka, nikavuka barabara. Lesi aliponiona akasimama, akafikiri nimekuja kugombana. Nikamweleza yote hapo mlangoni kabla sijabadili nia. Hakucheka. Hakunionea huruma kwa sauti, na hapo ndipo alipoanza kunifaa. Alifuta meza yake, akaifuta tena, akanivutia kiti karibu, akaniomba nimwonyeshe mistari. Nikamwonyesha. Alipoanza kukata nilifumba macho. Sikusikia mkasi ukisita hata mara moja. Sikufichi, nimemwonea wivu, wivu wa kuchoma kifua, kisha nilipofumbua macho nikaona kipande cha mbele kimelala pale kimenyooka, na wivu ukawa mdogo kuliko nilivyotegemea. Amekubali kuwa hatoweka lolote ambalo hukuliomba. Leo nimeshinda kwake, barua hii ikiwa mapajani. Mimi nasema, yeye anashona, tunabishana, na mara mbili tatu amekuwa sahihi.

Kwa hiyo ukija kujaribu gauni usije kwangu, nyoosha moja kwa moja ng'ambo, utanikuta huko. Mama hajui bado. Nitamwambia mwenyewe, na wewe ufunge mdomo kwanza, nakujua. Usinipigie leo wala kesho. Nipe muda nizoee kulisema hili neno kabla sijasikia sauti yako.

Nina ombi moja tu, na ndilo lililonichosha kuliko barua yote. Kila harusi ya mtaa huu, bibi harusi akiulizwa nani kamshonea, jina linalotajwa ni langu. Nimelizoea, nimelipenda, nimelala nalo. Siku yako wakikuuliza, usiseme ni dada, usiseme ni dada na mwenzake. Mtaje yeye. Mtaje kwa sauti, nami nikiwa hapo nasikia, maana nataka kuwa wa kwanza kumpigia vigelegele.

Msalimie mchumba wako na wakwe zako, na uwaombe radhi kwa ukimya wangu. Shemeji yako anasema ule, ulale, uache kujikondesha kwa ajili ya picha. Mama anasema atakuja na kilemba kipya. Nakupenda, ingawa una kelele.

Ni mimi,
Dada yako