Majibu ya Mama Ukutani kwa Kinyozi

Kwako mdogo wangu, mtafiti,

Natumai u mzima na kazi zinakwenda. Sisi huku tunapumua. Goti linamsumbua Mama, ila anakula. Salamu zimetosha, sasa nisikilize.

Nimeyaona matokeo ya utafiti wenu wa wazee wanaoishi na watoto wao. Sikuyatafuta. Kinyozi wa mtaani kwetu ameutoa ukurasa mmoja mtandaoni, akauchapisha na kuubandika kando ya kioo. Majina mmeondoa, hongereni! Mkaacha haya: mwanamke, miaka sabini na nne, mkunga mstaafu, haoni kwa jicho la kushoto, anaishi na mwanawe fundi wa kufuli. Mafundi wa kufuli mtaa huu wako wangapi? Swali la tisa: je, hufungiwa ndani? Jibu: kila siku. Watu wananyolewa huku wakinisoma.

Nilimwambia kinyozi aubandue. Akanionyesha maandishi ya chini: yeyote anaruhusiwa kunakili, kuchapisha na kusambaza, bure, bila kuomba. Akasema ruhusa hiyo katoa dada yangu mwenyewe, nisimletee za kuleta. Nilipokupigia, ukanijibu kwa sauti ya darasani kwamba mtarekebisha nakala yenu, ila waliokwisha kunakili hamwezi kuwanyang'anya ruhusa, na kwamba utafiti uliofichwa kabatini haumsaidii mzee yeyote. Una moyo mkavu, nakuambia waziwazi.

Nikamgeukia Mama, nikamuuliza kwa nini alisema. Akasema karani wenu alimhoji kupitia nondo za dirisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.

Basi na niseme, nimechoka kuzungukazunguka. Ni kweli. Nilianza kumfungia alipoacha jiko likiwaka. Siku hizi namfungia hata nikiwa nyumbani, nipumzike na maswali yake. Naona aibu, mdogo wangu. Leo asubuhi nimeing'oa ile kufuli.

Lakini usininyooshee kidole bado. Ukurasa ule una swali la mwisho: ungependa kuishi na nani? Mama amejibu: na binti yangu, akinitaka. Mtaa mzima umelisoma jibu hilo. Wewe uliyeligawa bure kwa dunia nzima, ulilisoma?

Mama anakusalimu sana. Nijibu nimwambie nini.

Ni mimi kaka yako,
Fundi wa kufuli