Nikisikia Hodi Nashika Jembe

Shangazi Hyasinta, shikamoo, naomba msaada wako, na nakuandikia nikiwa jikoni nimebandika sufuria ya maji matupu ili anayepita ajue napika. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Manyamanyama, Bunda, asubuhi nalima, mchana nauza dagaa sokoni, jioni napika, na tangu niolewe sijawahi kukutwa nimelala jua likiwaka, maana kwetu Butiama mwanamke akikutwa kalala mchana habari inafika kwa wakwe kabla hajakunja mkeka. Sasa mwezi uliopita nilianguka sokoni, nikapelekwa Musoma, wakasema ni presha na imepanda vibaya, nesi akaniambia nimeze dawa na kila siku baada ya chakula nilale, la sivyo kiharusi kitanilaza chenyewe. Nalala, Shangazi, si kwamba nakataa, lakini nikisikia hodi tu naruka, nachukua jembe, natokea mlango wa nyuma naanza kulima, huku moyoni najitukana, "Wewe Penina mvivu, mzigo, mume alitoa ng'ombe bure." Juzi mama mkwe wangu Mbuke alikuja kutoka Guta bila taarifa, nikaruka kama kawaida, nikalima kidogo nikaona giza, nikadondoka, nilipozinduka kanishika kichwa anauliza, "Mwanangu, unalimaga nini hapa? Mihogo si tulishang'oa yote? Tena na gauni la kulalia!" Nikalia, nikamweleza yote, naye akakaa chini akasema, "Hata mimi niko na presha. Nikisikiaga hodi nashika ungo mtupu, napeta." Nikazidi kuchanganyikiwa. Jirani yangu Rhobi alipofanyiwa upasuaji nilimtekea maji, nikamwambia, "Lala dada, kazi haijawahi kuisha," wala sikumwona mvivu, lakini kwangu mwenyewe maneno hayo hayaji. Naomba uniambie, kuna dawa gani ya kuamka haraka bila kizunguzungu?

Penina, Manyamanyama

*

Marahaba, Penina, na hongera kwa kilimo. Nimewajibu wenye wake wenza na wenye waume watoro, lakini mkulima wa gauni la kulalia katika shamba lililokwisha vunwa, wewe ndiye wa kwanza. Bwana shamba akikusikia atakuletea mbolea. Unataka dawa ya kuamka haraka? Ipo, inauzwa duka moja na majeneza.

Hebu niambie, hao wanaopiga hodi ni akina nani? Mahakimu? Ni jirani anaomba chumvi. Ukifa, huyo huyo atakuja msibani, atakula wali, atasema, "Marehemu alikuwa mchapakazi," kisha ataondoka na chumvi.

Na hayo matusi. Ungeweza kumwambia Rhobi, na mshono wake tumboni, kwamba yeye ni mzigo? Ungejiona mchawi. Sasa Penina amekukosea nini? Ameteka maji ya wote, amelisha wote, na wewe unayemjua kuliko wote hujawahi hata kumwambia pole. Hapo umeniumiza, sikufichi.

Sasa sikiliza. Dawa uliyopewa meza. Jembe lako lilale kwa Rhobi, asubuhi ulifuate, mchana ulirudishe, na mwambie kwa nini. Mumeo mweleze alichosema nesi, neno kwa neno, maana katika barua yako yote nimeona ng'ombe zake tu, yeye mwenyewe simwoni, na nadhani hajui kitu. Ukisikia hodi, tulia hapo hapo, jibu kwa sauti, "Karibu, nimelala, chumvi iko kabatini." Mara ya kwanza ulimi utakuwa mzito. Jibu hivyo hivyo. Matusi yakianza, jiambie yale ya Rhobi kwa jina lako: "Lala Penina, kazi haijawahi kuisha." Hiyo sufuria ya maji epua, unamaliza kuni.

Kisha tafuta mkeka mpana uende nao Guta kwa mama mkwe. Ukifika, chonde chonde, usipige hodi, utamkuta anapeta hewa. Ingia tu, mpokonye ungo, mlale.