Poda Niliyomwaga Mapema

Mwanangu Byamungu,

Weye, miaka mitatu mtoto wako anasoma hapa Uvira na hujakanyaga hata siku moja. Ng'ombe zako huko Luberizi zimekufunga kamba? Basi mimi mama yako, nisiyejua herufi moja, nimekuja kumsikia Neema akijibu walimu juu ya kazi yake ya mwisho ya chuo, ile ya mbegu za mpunga wa kwetu. Siku hiyo wanafunzi wengine wote walikuwa wanaume.

Alipotoka chumbani nikajua imekwisha. Nikapiga vigelegele, nikammwagia kichwani kopo zima la poda, kama tunavyomfanyia anayefaulu.

"Koko, bado," akaniambia mimi bibi yake. "Walimu wametutoa ili wapatane."

Wenzake wakacheka. Mmoja akauliza, "Mama, wakikataa utaizoa hiyo poda?"

"Wakikataa nitaingia mimi. Mbegu hizo ni mimi nilimfundisha kuzitunza."

Wakamwita. Akaingia mweupe kama gunia la unga. Mwalimu mkubwa akamtazama, akasema, "Naona nyumbani kwenu wametutangulia." Amefaulu vizuri kabisa, na sasa tunakula ndagala mbichi za ziwani hapa mtaa wa Nyamianda mpaka tunachoka.

Anayeandika haya ni Neema mwenyewe; nimemkataza kupunguza neno. Mungu akulinde, na ukaidi wako wote ninaoupenda.

Ukija, usimuulize ataolewa lini. Muulize mbegu zile zinatunzwaje, halafu unyamaze mpaka amalize.

Mama yako