Motokari Ilikula Chumba Chako, Mama

Bunia, Jumamosi, siku ya posho

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia na heshima yote, weye pamoja na Yaya Masika, dada yangu mukubwa mwenye anakusomea hii barua. Magoti yako inaendelea namna gani? Siye hapa tuko wazima, ni Kavira tu, mama ya watoto, anakohoa juu ya vumbi.

Habari yako ilitufikia kwa mwenzetu wa kanisa mwenye alitoka Butembo. Alisema umegawia majirani kuku zako, umemwambia mwenye nyumba kama utatoka, na kisha kuvuna maharagi utafunga safari kuja kukaa na siye. Kavira alifurahi mbele yake. Mugeni alipotoka, Kavira aliniangalia, akasema, "Leo utaandika."

Yaya, hapa soma polepole.

Mama, ile parsele ya Bunia, kiwanja yenye nilisema nitakujengea chumba ndani yake, haiko tena yetu. Niliiuzisha, sasa ni miaka mbili. Kila mara uliuliza kama mabati imepanda, nilikujibu karibu. Nilikuwa nakudanganya.

Ni motokari ndiyo iliikula. Unakumbuka siku niliileta Butembo, ukaiombea mbele ya mulango? Nilifikiri nimekwisha kuilipa. Kumbe kununua ni mwanzo tu. Mwaka ya kwanza ilitulisha vizuri. Nilikuwa nabeba wamama wauzaji kwenda soko ya Bule na kurudi. Kisha mawe ya barabara ikamaliza mipira yote ine. Nikabadilisha. Asiransi ya ajali ikaisha, makaratasi ingine ikaisha, na kila mwaka inaisha, hata kama njia imefungwa juu ya vita na motokari iko imelala tu. Ikafata freni ya kuisimamisha, kisha buwati ya vitesi, chombo cha kubadilisha mwendo, yenye tulingojea wiki tatu itoke Kampala. Muzee wa garaji alikuwa mutu wa kweli: kitu chenye alitengeneza hakikuharibika tena. Lakini kingine kiliharibika. Nilianza kuuzisha matofali ya chumba chako, kidogo kidogo, nikisema nitarudisha.

Siku moja natoka Nizi na watu tano ndani, moshi ikatoka mbele. Motere ilipasuka. Watu walishuka wakatembea kwa miguu, mimi nikabaki nayo palepale mpaka jua ikaenda chini. Muzee wa garaji alinishauri niiuzishe hivyo hivyo, nipumuzike. Nilikuwa nimetia mingi sana ndani yake, roho ikakataa. Nikatafuta mununuzi wa parsele, nipate franga ya motere ingine. Kavira alitia sinyatire kwa karatasi ya kuuzisha bila kugombana. Aliuliza neno moja tu: "Na mama atalala wapi?"

Nilimwambia angoje mwaka moja, tutanunua ingine kubwa kuliko hii.

Motere mupya ilitumika miezi saba. Kisha muzee aliingia chini ya motokari, akagonga na nyundo, na nyundo ikapita ndani. Chuma yote ilikuwa imeoza na kutu. Nilimuachia mutu mwenye anavunja motokari ya zamani na kuuzisha vipande. Franga yenye alinipa ililipa nyumba miezi tatu, ikaisha.

Sasa niko naendesha kamyo ya mizigo ya mutajiri mumoja wa hapa. Mupira ikipasuka, namupigia simu, nakaa kando ya njia nangojea. Tuko watu sita mu vyumba mbili vya kupanga. Mwenye alinunua parsele amejenga, mabati inang'aa. Kavira anazunguka mbali akienda soko, juu asipite pale.

Mama, nakuomba usije. Mwambie mwenye nyumba kama hautoki tena. Ikiwa amekwisha kuipa mutu mwingine, Yaya akupokee kwake. Yaya, najua kwako kumejaa, lakini sina mwingine wa kuomba. Musiniulize mpaka lini. Jibu sina, na sitaki kudanganya tena.

Munisalimie baba mudogo mwenye alinifundisha kuendesha, lakini hii habari musimwambie yote. Munisalimie na shemeji, bwana wa Yaya, na shangazi wa Beni kama atapita. Watoto wananiuliza kila asubuhi koko yao, ni weye Mama, atafika siku gani. Bado sijawaambia.

Mimi mutoto wako, mwenye haya mingi mbele yako,

Kasereka