Nani Alibeba Mawe ya Shule

3 Machi

Baba, shikamoo.
Magoti yanasemaje? Huku tu wazima, ila mkuu wa shule amenifungia maktaba. Nilikuwa nawafundisha kidato cha pili kutafiti: nani kasema, kajuaje, nani mwingine anashuhudia? Wakachagua kijitabu chako cha historia ya shule, unaposema Tajiri wa Mbao ndiye aliyeijenga. Wakafukua daftari za mikutano kabatini, wakahoji bibi wanne. Mawe yalibebwa na wanawake, kichwani, miezi saba. Tajiri alitoa milango miwili. Sasa mjukuu wake ndiye mgeni rasmi wa sherehe ya miaka arobaini, na mkuu ananiambia, "Mwalimu, futa hayo." Sifuti.
Mwanao

11 Machi

Marahaba, mwanangu.
Magoti yanalalamika, lakini yananibeba. Kijitabu kile kimesomwa miaka thelathini. Leo watoto wa juzi wananisahihisha, na wewe unawapigia makofi? Usinivue nguo hadharani. Omba radhi, yaishe.
Baba yako

14 Machi

Baba,
Heshima yangu kwako iko palepale, na msimamo wangu pia. Sikuvui nguo, nakuuliza tu: ulijuaje? Sasa tunasomea chini ya ngazi. Jana binti mmoja alimwambia mkuu, "Hatubishi, tunaomba ushahidi." Akapewa adhabu ya kufyeka nyasi. Darasa zima likatoka kufyeka naye, nami nikashika fyekeo. Bodi imeniita tarehe 28.
Mwanao

25 Machi

Mwanangu,
Nimechelewa kujibu kwa aibu, si kwa hasira. Nilijuaje? Tajiri aliniambia mwenyewe, sebuleni kwake, nami nikaandika. Shule ikijengwa nilikuwa kazini mbali. Marehemu mama yako alibeba mawe yale akiwa na mimba yako. Aliposoma kijitabu akaniambia, "Mbona sisi hatumo?" Nikamjibu, mambo ya wanawake si historia. Hakuyataja tena mpaka anaingia kaburini.
Nimeandika haya kwa bodi pia, nakala ni hii. Wasomee.
Baba yako

29 Machi

Baba, shikamoo.
Nimeisoma mbele ya bodi, nimesimama. Nilipofika penye habari za mama niliishusha karatasi, mjumbe mmoja akasema, "Endelea, mwalimu." Maktaba wameifungua. Mimi wamenipa barua ya uhamisho, na nimewaandikia kwamba naikatia rufaa. Kesho saa mbili asubuhi nina kipindi na kidato cha pili. Nitaingia.
Mwanao