Dozi Inayoisha Jumamosi

Jumapili, 4 Oktoba 1998

Nimefika. Chuo kikuu! Mama alilia stendi ya Kilosa utadhani napelekwa vitani, na Mikumi yenyewe ni safari ya asubuhi moja. Chuo ni kipya, cha watu binafsi, majengo yake yalikuwa kambi ya wajenzi wa barabara. Mlango wa bweni letu bado umeandikwa STOO YA MATAIRI. Nimepangwa chumba kimoja na Mwinshehe, kijana wa Mvumi. Mpole, anakoroma kidogo tu.

Nyani alikuja dirishani, akachukua sabuni yangu, akailamba, akairudisha. Sijui kama niitumie.

Jumatatu, 5 Oktoba

Jioni wanafunzi wa mwaka wa pili wametualika kantini. Bia za kila aina mezani. Baba husimulia kwamba zamani mtu alipanga foleni na kreti lake tupu mpaka giza liingie. Siku hizi soko huria, ni wewe na koo lako tu. Optatus, kiongozi wa bweni, jitu la sauti nene, alifungua chupa kwa meno akanisogezea. Nikasema asante kaka, sinywi.

Optatus akanikodolea macho. Akauliza, wewe Mwislamu? Hapana. Mlokole? Hapana. Msabato? Hapana, Mkatoliki. Akawageukia wenzake kutafuta msaada. Mkatoliki asiyekunywa, hajapata kumwona! Mwinshehe alikuwa ubavuni mwangu na Fanta yake na hakuna aliyemuuliza hata swali. Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe.

Ukweli ni mfupi: pombe siipendi. Mama ndiye mpika komoni, pombe yetu ya kienyeji, anayesifika Kilosa nzima. Nimekoroga mapipa tangu nina meno ya utoto, nimekamua machicha, nguo zangu za shule zilinukia kimea. Nimeishiba bila kuinywa. Hata ile onja ya kwanza — kwetu mwenye pombe sharti aonje mbele ya watu kutoa sumu, yaani kuonyesha haina kitu, ndipo wageni wanywe — huwa anaifanya Mjomba Makarius. Ndiyo kazi yake pekee duniani na hajawahi kuchelewa kazini.

Lakini nitaanzaje kueleza hayo mbele ya meza nzima? Na pale dirishani alikaa Loveth, wa mwaka wa kwanza kama mimi, mtu wa Kisanga, gauni la njano, bia mkononi, ananitazama. Mdomo ukajisemea wenyewe: niko kwenye dozi.

Aaa! Kumbe! Pole, pole sana. Chupa ikaondolewa kwa heshima. Optatus akauliza inaisha lini. Nikasema Jumamosi. Ndipo nilipoambiwa kwamba Jumamosi ni sherehe kubwa ya kutupokea. Akanipiga bega: basi siku hiyo utafidia.

Jumanne, 6 Oktoba

Optatus amenivuta pembeni karibu na bomba. Anasema: dogo, kunywa maji mengi. Umalize vidonge vyote, hata ukihisi nafuu. Na mwenzako naye akatibiwe.

Nikamwuliza nimtibu nani, mbu? Ameniangalia kwa masikitiko makubwa akaondoka.

Jumatano, 7 Oktoba

Mambo hayaeleweki. Taulo langu nimelikuta limetengwa kwenye kamba, peke yake, mwisho kabisa. Kantini nilipokaa, benchi zima likahama. Loveth alinipungia mkono, ila kutoka mbali, kama mtu anayeaga treni.

Nikambana Mwinshehe. Akakohoa. Akafunga mlango. Akakohoa tena. Akasema, ndugu yangu, mimi siyasemi haya, wanasema wao. Wanasema una gono.

Gono! Mimi! Mimi ambaye mkono wa msichana nimeushika kanisani tu, tukitakiana amani! Nimekaa kitandani sijui nilie au nicheke. Mwinshehe alianza kucheka yeye, kwa adabu, amejifunika shuka.

Kinachoniuma ni Loveth. Kama angekuwa mwingine, basi.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimekwenda kantini kusafisha jina. Nimesimama nikatangaza kwamba ni malaria. Optatus akasema kwa upole, hata mimi, yaliponipata yangu, nilisema malaria. Wote wakaitikia kwa kichwa.

Basi nikapandwa na hasira, na hasira hasara. Nikaona niwaonyeshe kwamba mimi na pombe tunajuana kuliko wao. Nikawaambia habari za Mama. Kwamba naweza kusogeza sikio kwenye pipa nikajua imefika siku ya ngapi. Kwamba kimea kikizidi naijua kwa harufu kabla sijafika uani. Kwamba wazee wanatoka Kisanga kwa baiskeli kuifuata, na wanarudi wakiikokota baiskeli. Loveth akasema kweli, babu yake ni mmoja wao! Akacheka. Ana mwanya. Nikaendelea kusema. Nililewa maneno yangu mwenyewe, sioni namna nyingine ya kuieleza hali ile.

Optatus akasimama. Kaka yake ni dereva wa lori la mahindi na kesho anapita Kilosa. Atampelekea Mama salamu zetu, atuletee dumu moja la sherehe. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nimejipigia makofi kwenye msiba wangu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimeomba lori lipate pancha. Pancha ndogo tu, asiumie mtu.

Nimekaa na Mwinshehe nje ya kantini. Kuna mpapai mchanga chini ya dirisha, umenyauka, majani yote njano. Mwinshehe anasema jua. Jua gani, wakati mipapai mingine mizima? Na nyani wa sabuni amelala chini yake chali, mchana kweupe, tumbo wazi. Optatus alipita akamwonyesha kwa kidole: hata nyani wa Mikumi anakunywa, sembuse wewe! Kesho, dogo.

Loveth alikuwa pale pale dirishani, kiwiko nje, chupa mkononi. Msichana anaweza kushika chupa moja jioni nzima, sijapata kuona. Ameniuliza kama nimepona. Nikasema karibu. Akasema na yeye anaomba nipone taratibu, hakuna haraka. Sikuelewa. Nimefurahi tu kwamba amesogea.

Jumamosi, 10 Oktoba

Lori halikupata pancha.

Dumu limefika, la manjano, limefungwa jani la mgomba mdomoni, na kata ya Mama imening'inizwa kwa kamba. Kaka yake Optatus ameleta na maneno: Mama anasema ameipika kwa mkono wake, anawashukuru watoto kwa kumpokea mwanawe, na Mjomba Makarius anasalimu, alitaka sana kuja na dumu ila Mama alihofia lingefika tupu.

Bia za chupa zimewachukua wateja wake wengi mwaka huu. Kwamba wasomi wa chuo kikuu wameagiza komoni yake, amewatangazia majirani wote, namjua.

Watu wakajipanga na vikombe. Optatus akajaza kata, akaiinua mdomoni. Hapo hapo Mama Bibiana, mpishi wetu, akapiga sufuria kwa mwiko. Weka chini, anasema. Nyie watoto mmelelewa wapi? Nani ameitoa sumu? Mwenye pombe aonje kwanza!

Kata ikageuka. Vikombe vikarudi nyuma. Macho yote kwangu.

Nimejaribu kufikiri. Kusema niko kwenye dozi haiwezekani, siku niliipanga mwenyewe. Kukataa kuonja ni kusema Mama kaweka kitu, na lori linarudi Kilosa kesho na habari hizo. Kuonja — najijua. Nikiwa mdogo niliramba mwiko wa kukorogea mara moja tu, nikamtapikia padri aliyekuja kubariki nyumba. Nikifanya hivyo leo ndiyo watasema sumu kweli!

Basi nikasema nakuja, kuna kitu nafuata chumbani. Nikaondoka na kata mkononi. Imejaa. Sikumwaga hata tone, mkono wa mtoto wa mpika pombe.

Sasa niko kitandani, kata nimeibana kwa magoti, naandika. Wanaimba huko nje. Bo-ni-fas! Bo-ni-fas! Mwinshehe analinda mlango, anawaambia nasali. Nyani yuko dirishani ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nimemwonyesha kata. Amegeuka upande.

Kuna mtu anagonga. Mwinshehe anasema ni Loveth, anataka kusema nami, hataingia.

Anaongea kwenye ufa wa mlango, taratibu. Nayaandika hapa hapa nisije kudhani niliota. Anasema mpapai umekufa. Nikasema nimeuona. Anasema ameuua yeye, wiki nzima ameumwagilia bia kutoka dirishani, na nyani naye amemharibu. Anasema hanywi. Hajawahi. Hata babu yake hajui.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, na wewe je?

Mwinshehe anatazama dari kama hayupo. Nikasema: gono sina. Akasema anajua, mwenye gono hawezi kuwa na wasiwasi wa kijinga kiasi kile.

Anasema anatoka kwenye ukoo wa wateja wa Mama, hakuna atakayethubutu kuisema vibaya komoni hiyo mbele yake. Nikiwaambia ukweli, kwamba sinywi na sijawahi, na yeye atasema wa kwake, na kuhusu sumu, babu yake anayeinywa miaka yote na bado mzima ndiye ushahidi.

Nikasema sawa. Ila tangulia wewe.

Amecheka huko nje, mwanya nausikia kabisa. Anasema: hapana, Bonifas. Mwenye pombe ndiye anayetangulia.

Optatus anakuja kwenye korido, namjua kwa viatu. Kata bado imejaa. Nasimama nikawaambie sinywi —